Gundi Bila Uzi

3 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Magoti yanasemaje? Na ile miwani niliyokutumia, imefika? Kama inakubana puani usiivumilie kama kawaida yako ya kuvumilia kila kitu. Irudishe kwa posta, kunyoosha fremu ni kazi ya dakika tano. Lenzi zake nilizisaga mwenyewe, sikumwachia mtu. Na usinitumie ujumbe kwamba utanipigia simu. Tunajua sote kwamba mashine za kiwandani ziliyamaliza masikio yako, tukipigiana simu ninapiga kelele mpaka majirani wanatoka nje. Andika.

Huku sisi ni wazima. Mama Mdogo anakusalimu. Ameanza kutembea kila asubuhi ili apungue, na kila asubuhi anarudi na maandazi.

Jumamosi nilipiga moyo konde, nikafungua karakana ya Baba kwa mara ya kwanza tangu tumzike. Kila kitu kiko alivyokiacha: misumari kwenye kopo la maziwa, kiti alichokikata miguu ili akae karibu na kazi, uzi wenye nta umeviringwa kwenye kipande cha ubao. Wateja wamepachika vikaratasi mlangoni. Mmoja ameandika, "Fundi, pole sana kwa kufariki, lakini viatu vyangu vya harusi ni vya tarehe kumi." Nilicheka peke yangu mpaka nikalia.

Chini kabisa ya sanduku la ngozi, ndani ya kitambaa, nimevikuta vile viatu. Unavijua. Vile alivyovitengeneza akiwa na miaka kumi na tisa, akapandia mlima, vikamfikisha juu na kumrudisha. Sijui amenisimulia mara ngapi. Umeme ukikatika tu, najua hadithi ni hiyo: alivyoondoka na chupa ya chai na mkate, alivyopumzika kwenye jiwe lililokaa kama tandiko la punda, alivyokunywa chai kwenye uwanda wa majani mafupi, alivyofika kileleni akiwa hata hajatoka jasho. "Hata mtoto angeweza," alikuwa akisema. Nimevijaribu, Shangazi. Vimenienea kabisa.

Basi nimeomba likizo ya siku kumi. Tarehe 20 naondoka na gari lake, peke yangu, mpaka kwenye ule mlima, nipande kama alivyopanda yeye. Chai, mkate, viatu hivi. Mazoezi sina. Mimi ni mtu wa kukaa kitini na kusaga vioo. Lakini siku ya mazishi nilikuwa nimeganda tu, hata chozi halikutoka, na naona bado sijamzika baba yangu vizuri.

Wewe hukuja, na sikulaumu, magoti hayana mjadala. Ila sasa umebaki peke yako unayeijua safari ile tangu mwanzo. Niambie, pale njia inapogawanyika chini ya maporomoko, Baba alishika kushoto au kulia?

Mwanao,
Msaga vioo

11 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Miwani imefika na haibani. Sasa naona vumbi la nyumba hii yote, laiti ungeniacha na upofu wangu. Magoti ni yaleyale. Bado napokea kazi ndogondogo za kupinda suruali na kubadilisha zipu. Jirani yangu Redio (unamkumbuka, yule anayejua habari kabla hazijatokea) amemwoza binti yake wa mwisho, na tangu hapo hana wa kumtangazia, kwa hiyo anakuja kunitangazia mimi nisiyesikia.

Kuhusu safari yako, usiende. Lile gari limezeeka, breki zake baba yako mwenyewe alikuwa akizisemesha kama mgonjwa. Mwezi huu huko juu ni mvua. Mwanamke peke yake barabarani siku mbili, ukiharibikiwa utamwita nani? Likizo yako njoo uipumzikie hapa, nitakutandikia chumba cha mbele.

Umeniuliza kushoto au kulia. Nimesahau. Ni zamani sana.

Na vile viatu virudishe kwenye kitambaa chake, uvirudishe sandukuni. Viatu vya zamani si vya kuvaliwa.

Hapa nimefuta mistari minne. Usiinue karatasi kwenye taa kujaribu kuisoma, nimeifuta vizuri. Yalikuwa maneno ya mtu mzima asiyelala vizuri.

Msalimie Mama Mdogo. Mwambie maandazi hayana kosa, kosa ni la miguu inayompeleka.

Shangazi yako

2 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Usishtuke na mwandiko, naandika nimelala, daftari liko tumboni. Niko kwa Mama Mdogo, kwenye chumba cha uani. Ananilisha kama anayeninenepesha kwa mnada. Mguu wa kulia una vyuma viwili na parafujo sita. Daktari anasema kifundo hakitakunjika tena kama zamani. Nitatembea. Nitachechemea, lakini nitatembea.

Barua yako niliipata siku moja kabla ya kuondoka. Niliiona ni barua ya hofu, nikaitia kwenye droo. Ndiyo hivyo.

Gari lilijitahidi kuliko mimi. Dirisha la dereva lilikataa kupanda, nikaliziba kwa fulana. Siku ya kwanza niliimba njia nzima. Siku ya pili nilikuwa nalia bila sababu, nikiona lori nalia, nikiona ng'ombe nalia. Kwenye kituo cha mafuta mjaza mafuta akainama dirishani, akauliza, "Dada, umefiwa?" Nikasema ndiyo, miezi mitatu sasa. Akasema pole, akanifutia kioo chote cha mbele bila kuombwa. Nilijisikia nina watu.

Chini ya mlima nililala kwenye nyumba ya wageni. Mwenye nyumba, mama mmoja mwenye funguo shingoni, aliitazama chupa yangu ya chai, akaitazama sweta yangu, akasema, "Na wenzako wako wapi?"

"Wametangulia."

"Kiongozi mnaye?"

"Yuko nao."

Nilidanganya, Shangazi, ili asinizuie. Na kwa uongo huo hakuna aliyenitafuta.

Nilianza kupanda saa tano asubuhi. Baadaye niliambiwa kwamba saa hizo watu wenye akili huwa wanashuka. Msitu ulikuwa wa mizizi na matope, na nilipofika kwenye maporomoko nilishika kushoto kwa kubahatisha. Nikawa natafuta lile jiwe la tandiko la punda. Hakuna. Nikatafuta uwanda wa majani mafupi. Hakuna, ni mawe tu na magugu yaliyonifika kiunoni. Badala ya kugeuka nilizidi kupanda, nikijiambia nimepotea njia kidogo tu, maana Baba hawezi kuwa amekosea. Chai iliisha saa nane. Saa tisa ukungu ukashuka, na mvua nyembamba, na baridi ambayo sikuwahi kujua kwamba ipo.

Kwenye mwamba wenye maji soli ya mguu wa kulia ikabanduka. Haikuchanika. Ilibanduka yote, kutoka vidoleni mpaka kisiginoni, ikabaki inaning'inia. Nikateleza. Mfupa niliusikia kwanza, maumivu yakaja baadaye.

Usiku wenyewe sitauandika. Nitakwambia tu kwamba nilimwita Baba kwa sauti, mimi mtu mzima wa miaka thelathini na tatu, na sikumwita anisaidie. Nilikuwa namwomba radhi kwamba nimeshindwa.

Asubuhi ya pili yake mfuga nyuki aliyekuwa anakagua mizinga yake alinisikia. Alinibeba mgongoni kwa saa tatu. Kila hatua ishirini alikuwa anapumzika na kusema, "Wee, bora asali." Ningeweza kumpa nyumba, kama ningekuwa nayo.

Sasa nisikilize. Wiki nzima nilikuwa najilaumu kwamba Baba alipanda na viatu hivihivi, hana mazoezi, hana kiongozi, vikamfikisha, mimi vimeniangusha hata nusu sijafika. Mama Mdogo akasema gundi imezeeka tu. Nikamwambia Baba hakuwa mtu wa gundi! Kila kiatu alikishona mara mbili, hata ndala za watoto. Ndipo nikaomba niletewe kile kiatu. Nimekikagua kwa lenzi yangu ya kazini. Hakina tundu hata moja la sindano, hakikuwahi kushonwa. Mimi niliyekulia kwenye vumbi la karakana ile, ninayejua kwamba kiatu cha zamani hukunjwa kwanza kuona kama soli bado imeshika, sikukikunja hata mara moja kwa sababu ni kazi ya baba yangu.

Unajua kitu, Shangazi. Kiandike.

Mwanao

14 Mei

Mwanangu,

Marahaba, na pole. Pole ya mguu na pole ya moyo. Barua yako nilianza kuisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Redio alikuja kuazima mkasi, nikamwambia sipo. Alikuwa ananiona kabisa, akaondoka bila neno, na kwa Redio hiyo ni heshima kubwa.

Sawa. Umeuliza.

Baba yako hakuupanda ule mlima. Hajawahi hata kufika chini yake. Aliyepanda ni baba yako mdogo, kitinda mimba wetu, yule aliye kwenye picha ya juu ya kabati ambaye meno yote yako nje. Tulikuambia kwamba alikufa kwa homa. Hakufa kwa homa. Tulikuwa tunamwita Chapuchapu, kwa kuwa kila kitu alikitaka sasa hivi. Alikuwa na miaka kumi na saba na mguu mdogo kama wa msichana.

Wazazi wetu walikuwa wameshafariki. Mimi nilikuwa kiwandani, baba yako alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kazi kwa fundi mwingine. Chapuchapu alimsumbua amtengenezee viatu vya kupandia mlima. Ilikuwa jozi ya kwanza baba yako kuitengeneza peke yake. Ijumaa alikuwa amemaliza kubandika soli, akamwambia, "Leo gundi, Jumatatu uzi. Visubiri." Alfajiri ya Jumamosi tuliamka tukakuta kitanda kitupu na viatu havipo.

Walimtafuta siku nne. Wakamkuta.

Kiatu cha kulia kilipofika nyumbani soli yake ilikuwa imebanduka. Mengine malizia mwenyewe, una akili ya kutosha.

Wewe ulikuwa na miaka minne ulipovifukua vile viatu sandukuni ukauliza ni vya nani. Nilikuwepo, nimekuja kuwatembelea. Baba yako akasema, "Vyangu. Nilipandia mlima, vikanifikisha, vikanirudisha." Mimi nikaangalia sakafu. Basi hadithi ikaanzia hapo, na kila mwaka ikaongezeka jiwe na majani.

Kwenye mazishi yake sikuja kwa sababu ya magoti, kama nilivyokwambia.

Nakutumia shali ya sufu. Jifunike mguu nayo, chuma hushika baridi.

Shangazi yako

1 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Shali imefika, asante. Sasa natembea na fimbo mpaka mlangoni na kurudi. Kazini wamenipa mwezi mwingine.

Nimekaa na barua yako wiki mbili na nakuambia ukweli, nina hasira. Si na wewe. Na yeye. Alimtengenezea mdogo wake viatu vibovu, mdogo wake akafa, halafu akageuza kifo chake kuwa hadithi ya kunilaza mimi usingizi. Akajiweka yeye kileleni! Na viatu vyenyewe akaviacha mahali nitakapovikuta, bila hata kikaratasi kimoja. Mtu aliyeandika jina la kila mteja kwenye kila kisigino.

Kuna jambo sijamwambia mtu. Wiki yake ya mwisho hospitali alinishika mkono akaanza, "Vile viatu vya mlimani... mimi sikutia uzi..." Nikadhani anataka kunisimulia tena. Nikamwambia, "Pumzika Baba, hadithi naijua." Akaniangalia muda mrefu, akafumba macho. Nilikuwa nikilikumbuka hilo nalia. Sasa nimejua alitaka kuungama, na sioni kwa nini nilie. Alikuwa na miaka ishirini na tisa ya kuungama kabla ya hapo, tangu siku nilipouliza.

Karakana nimeifunga. Wateja wamechukua viatu vyao, vilivyobaki nitavigawa. Picha yake nimeiondoa ukutani kwa Mama Mdogo, tukagombana. Na mchonga mawe alikuja kuuliza maneno ya kuandika kwenye jiwe la kaburi. Nilikuwa nimepanga aandike "Fundi aliyetembeza watu." Nimemwambia asichonge kitu. Sina la kuandika juu ya mtu yule. Kaburi libaki hivyohivyo na kile kibao cha namba.

Usinitetee kaka yako. Najua utataka.

Mwanao

12 Juni

Mwanangu,

Barua hii soma ukiwa peke yako. Sitaanza na habari za majirani.

Nilikuandikia kwamba kiatu kilipofika nyumbani soli yake ilikuwa imebanduka. Hilo ni kweli. Sikukuandikia kilichotokea kati ya chumba cha maiti na nyumbani.

Mimi ndiye mkubwa wetu, kwa hiyo nilikwenda mimi kumtambua Chapuchapu. Viatu vilikuwa bado miguuni mwake. Kamba zimefungwa vizuri, soli zote mbili zimekaza. Aliyeongoza watu waliomtafuta aliniambia walimkuta amekaa, ameegemea mwamba, ana shati jepesi tu. Baridi ndiyo iliyomuua. Hakuanguka. Hakuteleza. Gundi ya baba yako ilimpandisha mlima na ingemrudisha, kama angekuwa na koti.

Koti. Sasa sikiliza. Alhamisi ya wiki ile tulikuwa mezani, Chapuchapu anajigamba kuhusu mlima, mimi nikamcheka. Nikamwambia, "Wewe? Ngazi za ghorofani tu zinakutoa ulimi nje. Ukifika kileleni bila koti wala kiongozi, nitakufulia nguo mwaka mzima." Ulikuwa utani. Nilikuwa na miaka ishirini na nne, nimetoka zamu, nimechoka, nilitaka kuchekesha meza. Baba yako alikuwa karakana kwa fundi wake, hakusikia. Chapuchapu aliliacha koti lake kwenye msumari mlangoni. Nilipoamka Jumamosi nililiona, nikajua.

Mtunza maiti alinipa vitu vyake kwenye mfuko: mkanda, shati, viatu. Nikakaa nao kwenye benchi nje. Nilikuwa nawaza nitakavyoingia nyumbani na kumwambia kaka yangu kwamba mdogo wetu amekufa kwa sababu ya mzaha wangu. Mwanangu, sikuweza. Nikakitoa kiatu cha kulia, nikaona hakijashonwa, nikatia vidole kwenye ncha ya soli, nikavuta. Gundi ilikuwa imelowa. Nilivuta mpaka kisiginoni. Kucha mbili zilitoka damu, watu wakadhani ni uchungu wa kufiwa.

Nikaenda nacho moja kwa moja mpaka nyumbani alikokuwa ananisubiri, nikakitupa mezani mbele yake. Nikamwambia, "Tazama kazi yako."

Alikichukua, akakinusa, akapitisha kidole pale ambapo uzi ungepita. Hakuniuliza hata swali moja, siku ile wala miaka thelathini na minane iliyofuata. Kila kiatu alichoshona mara mbili, mpaka hizo ndala za watoto, alikuwa anashona kile. Watu walimsifu kwa uimara, mimi nikisikia nilikuwa natoka nje.

Ile hadithi usiichukie. Hakujiweka kileleni kwa sifa. Alikuwa anamrudisha mdogo wake nyumbani, kila umeme ulipokatika, kwa viatu vilivyoshika. Na vilishika kweli! Alikuwa anasema kweli bila kujua, nami nimekaa hapo ninaangalia sakafu. Ningemwambia neno moja tu angelala usingizi wa watu. Nilikuwa naogopa swali litakalofuata.

Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi hata kifo cha kaka yangu hakikutosha kuniumbua. Siku ya mazishi nilifika mpaka stendi na mfuko wa nguo, dereva akapiga honi, nikarudi nyumbani. Magoti hayakuwa na neno. Na ulipoandika kwamba utavaa vile viatu, nilijua soli ile niliing'oa mimi, na kwamba yeye aliirudishia kwa gundi kidogo tu ili kiwe kitu cha kutunza. Mistari minne niliyofuta ilikuwa hiyo. Niliifuta, nikakuandikia habari za breki. Mguu wako nimeuvunja mimi, mwanangu, kama nilivyovunja maisha ya baba yako.

Alipokwambia hakutia uzi, hakuwa anaungama kosa lake. Alikuwa anaungama la kwangu.

Mpe jiwe lake.

Shangazi yako

20 Septemba

Shangazi,

Shikamoo. Naiandika kwa kuwa nimelelewa hivyo.

Barua zako mbili za Julai na ile ya Agosti nilizipata. Sikuzifungua. Leo nimezifungua, nimeona unauliza tu kama niko hai. Niko hai. Fimbo nimeiacha mwezi uliopita. Nimerudi kazini, nimejifunza kukanyaga breki kwa kisigino, Mama Mdogo akipanda gari langu anasali kwa sauti. Picha imerudi ukutani.

Jiwe limesimama. Mchonga mawe ameandika yale maneno niliyoyapanga mwanzo, na chini yake nimemwambia aongeze, "Kazi yake ilishika."

Jumapili nilikwenda kaburini na barua yako, nikiwa na nia ya kumsomea. Nilifika mstari wa tatu, nikaikunja. Si maneno yangu yale. Nikimsomea mimi ni kama amepelekewa habari na jirani, baada ya miaka yote hiyo.

Sitakuandikia kwamba nimekusamehe. Kuna siku nakuonea huruma mpaka nataka kupanda basi nije nikukumbatie, na kuna siku nikishuka kitandani mguu ukikataa nakutaja kwa maneno ambayo siwezi kuyaweka kwenye karatasi. Sijui itaishia wapi. Huenda haitaisha.

Lakini na mimi nina langu. Mtu alitumia pumzi yake ya mwisho kutaka kusema, nikamwambia hadithi naijua. Hilo hujanifanyia wewe.

Kwa hiyo usinijibu kwa barua. Njoo. Nitakupokea stendi, nitakushika mkono mpaka kaburini, maana njia ina mawe na sote wawili sasa ni wa kuchechemea. Tutamwambia Baba, kila mmoja wetu lake, kwa sauti, mchana watu wakipita. Utaanza wewe, maana ndiye mkubwa.

Mwanao